Goti Langu na Picha ya Mama

Dada yangu alipofariki tulitafuta picha yake nyumba nzima, tukapata moja, nayo ina ukungu. Ukiitazama unajua ni mtu amevaa kanga, basi. Nililia kwa ajili ya picha ile pengine kuliko nilivyolia siku ya mazishi. Ndiyo maana nikanunua kamera ndogo ya dijitali, ya mtumba, nikaapa mama yangu hatabaki hivyo.

Mama anaishi Kiwangwa. Nilimpiga picha barazani akimenya mihogo, kama ishirini. Zote ukungu. Nikairudisha kamera kwa kijana aliyeniuzia, anayepiga picha za pasipoti mjini Bagamoyo. Akaniambia nimpige yeye. Nikabonyeza kitufe nusu kama alivyonifundisha, nikangoja kijisanduku cha kwenye kioo kigeuke kijani, nikamalizia. Ndevu zake ungeweza kuzihesabu.

"Kamera nzima, dada," akasema. "Ugonjwa uko Kiwangwa."

Nikarudi. Nikasimama mbele ya mama, nikangoja kijani, nikabonyeza. Ukungu. Nikarudia. Ukungu. Mama akaweka kisu chini.

"Mwanangu, kwani unatwanga?"

"Natwanga nini, mama?"

"Kila ukinielekezea hicho kidude unashuka, unapanda. Marahaba nimekuitikia tangu asubuhi, haijatosha?"

Kweli. Yeye ameketi chini, mimi nimesimama kama mgambo, namwelekezea kitu usoni. Goti langu, lililozoea kukunjwa kwa shikamoo, likawa linaomba radhi bila kuniuliza, tena wakati uleule kidole kinapobonyeza. Kwa yule kijana halikushuka, maana ni mdogo kwangu kwa umri.

Nilicheka mpaka nikajikuta nimekaa sakafuni. Sikuwa nimecheka hivyo tangu msiba. Nikaona aibu kidogo, kisha aibu yenyewe ikanichekesha. Mama naye akaanza. Jirani akachungulia kuuliza kuna nini.

"Huyu anataka picha yangu kabla sijafa," mama akamwambia. "Goti lake ndilo halitaki."

Kwa kuwa nilishakaa, niliegemeza viwiko magotini, nikabana pumzi, nikabonyeza.

Safi. Kila mkunjo, hadi chembe ya muhogo kwenye nyusi. Na mdomo wazi, mapengo yote manne.

"Futa," akasema mama.

"Sifuti."

"Nina mapengo."

"Unayo, mama."

Akaitazama muda mrefu, akiisogeza mbali, akiileta karibu.

"Basi piga nyingine, nifunge mdomo."

Nilipiga kumi na moja. Nikihesabu moja, mbili, alibana midomo hadi mashavu yakamvimba. Nikifika tatu, anaangua kicheko. Picha tatu zina ukungu kwa sababu nilicheka pamoja naye. Nane ni safi, na katika zote nane hakuna hata moja ambayo amefunga mdomo. Nilizichapisha, nikampelekea achague ya kutundika ukutani. Akachukua ile aliyocheka kuliko zote.