Kabati la Mama Pichani

Vita vilipotutoa mtaani kwetu Kanyosha, mama alilifunga kabati lake la mbao nyekundu, akaning'iniza ufunguo shingoni, tukaondoka. Tuliporudi nyumba ilikuwa kuta tupu, na kabati lilikuwa sebuleni kwa jirani, limetiwa kitasa kipya. Mlango wa kabati bado ulikuwa na alama nyeusi ya pasi ya makaa, niliyouunguza nayo utotoni.

"Ii kabati mi niliinunua ku soko, mama," jirani alisema, akitukaribisha viti.

Mama alikunywa chai, akaaga. Mimi nilitamani kumng'oa yule mtu meno.

Siku hizo nilikuwa najifunza rangi za mafuta kwa mtawa mmoja mzee wa mtaa wa Rohero. Alinipa picha ya zamani ya Ulaya niinakili: chumba, dirisha kushoto, bwana ameketi mezani, mtumishi wa kike amesimama, kabati nyuma yao. Tulianza na rangi nyepesi ya kahawia, tukaiacha ikauke, ndipo tukaongeza mafuta tabaka kwa tabaka. Ukiharakisha, picha hupasuka. Kazi hiyo iliifaa hasira yangu. Kila tabaka lilipokuwa likikauka nilipata nafasi ya kumchukia jirani taratibu.

Bwana nilimpa uso wa jirani, na kitambi chake. Mtumishi nikampa uso wa mama. Kabati la Kizungu nikalifuta, nikachora letu, na alama ya pasi mlangoni.

"Nilikuambia unakili," mtawa alisema. Nikamjibu kwamba ndicho nilichofanya.

Jirani alipomwoza binti yake alialika mtaa mzima, nami nikapeleka picha. Zawadi zilifunguliwa mbele ya wageni. Mshereheshaji aliiinua juu, kila mtu aione. Sahani za kabati lile ndizo mtaa ulizokuwa ukiazima kila penye sherehe. Hakuna mama asiyelijua. Walilitazama kabati, wakamtazama bwana wa pichani, kisha wakamgeukia jirani. Nilifurahi, sifichi. Niliona jasho lake nikataka lizidi.

Ndipo mama akasimama. Alivua ufunguo shingoni, akaenda mbele, akaomba kipaza sauti.

"Picha ni ya mutoto," alisema. "Mi nilikuwa sijaleta kitu. Munipokelee huu ufunguo. Kabati yake iko hapa kwenu tangu zamani."

Zawadi haikataliwi mbele za watu. Jirani aliupokea kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka, na mama akamsogezea kipaza sauti aseme asante.