Kwa Pensheni ya Ujane Nilimkana Mtoto Wangu

Kosa ni langu, ndugu yangu. Sikusukumwa na mtu, sikulewa, sikurogwa. Nilifanya mchana kweupe, mbele ya watu, nimevaa kitenge changu kizuri cha kwenda misa. Jina langu sitakupa. Hapa Likasi tunajuana, na kuna mtu mmoja ambaye hapaswi kusoma haya akanitambua. Lakini nimechoka kuyabeba peke yangu. Nisikilize tu.

Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Alifia kazini, akaniacha na watoto wawili wadogo. Wakati ule mjane wa mfanyakazi alikuwa na haki ya pensheni ya serikali: sehemu yake mwenyewe na sehemu ya yatima. Kila mwaka tuliitwa ofisini, mmoja mmoja, kuapa kwamba bado tuko hai na bado hatujaolewa. Unakwenda na shahidi wako, unaapa, unaendelea kulipwa.

Halafu nchi ikaanguka. Maduka yaliporwa mpaka milango ikang'olewa. Kiwanda kikanyamaza. Ule moshi tuliokuwa tukiulaani kwa kututia kikohozi ukatoweka, tukaanza kuutamani! Gunia la unga la wafanyakazi likakoma. Wanaume wenye kazi zao walikuwa wanauza vitanda, wake zao wanapika bukari, ugali wetu, mara moja kwa siku na sombe ya majani ya muhogo isiyo na mafuta.

Na mimi? Mimi nilikuwa na pensheni! Ilichelewa, ilikatika, ilirudi, lakini ilikuwa na jina langu. Majirani walinionea wivu. Niliishika kwa mikono miwili.

Ndipo akaja Boniface.

Alikuwa fundi wa umeme kule Koni, kwenye bwawa la mto Lufira, mjane kama mimi, mtu wa maneno machache. Tuliimba pamoja kwaya ya parokia. Alikuwa akija kwa baiskeli, amefunga nyuma samaki wa Lufira waliofungwa kwenye majani, anawapa watoto wangu kabla hajanisalimia mimi. Hakunificha nia yake hata siku moja.

"Mama, minye sitaki kukuya hapa kama mwizi," aliniambia. "Nionyeshe ndugu yako, nilete mahari. Tuingie kanisani."

Nilitaka, ndugu yangu! Usidhani sikutaka. Nilienda moja kwa moja kwa jirani yangu, Mama Ange, mjane kama mimi, kumwambia habari. Aliweka sufuria chini akanitazama kama anamtazama mtu aliyerukwa na akili.

"Weye unaolewa? Utakula nini? Mujane akiolewa, feza inakatwa. Yako, ya batoto, yote. Tena batakuambia urudishe ile umekwisha kula!"

"Nani amekuambia?"

"Bantu bote banajua!"

Basi. Sikuuliza zaidi. Nilirudi nyumbani nikajipigia hesabu zangu mwenyewe, kwa maneno ya Mama Ange na hofu yangu. Nikiolewa, pensheni yangu inakufa. Ya watoto inakufa. Boniface naye halipwi kule Koni, miezi inapita. Halafu wanakuja kunidai, na ninafungwa. Nilikwisha kujihukumu kabla hata hakimu hajanijua.

Utasema, kwa nini hukwenda kuuliza ofisini? Swali zuri! Kwa sababu mjane anayekwenda kuuliza "nikiolewa itakuwaje" amekwisha kujitangaza kwamba ana mwanamume. Ndivyo nilivyoamini. Nikiuliza, watajua. Nisipouliza, sitajua. Nikakaa hapohapo katikati, kama panya ndani ya debe.

Nilimwambia Boniface asubiri. Akasubiri. Na katika kusubiri huko, nikapata mimba.

Nilifunga kitenge kwa juu, habari isifike ofisini, nikaacha kwaya, nikasema tumbo linanisumbua. Siku ya kuzaa ilipokaribia, nilikwenda Kambove kwa mdogo wangu Mado. Mado alikuwa ameolewa miaka mingi na hajazaa. Mama mkwe wake alikuwa amekwisha kumtafutia mume wake, Longin, mke mwingine. Wakati naingia kwa mlango wao na tumbo langu, Mado alinitazama mimi, akatazama tumbo, na wala hatukuongea sana. Kila mmoja wetu aliona njia yake ya kutokea.

Nilizaa mtoto wa kike. Longin alimwandikisha kule komini, ofisi ya serikali ya mtaa, kama mtoto wake na Mado. Wakamwita Solange.

Boniface alipokuja kumwona, alimshika muda mrefu. Alitaka mtoto apewe jina la mama yake yeye Boniface.

"Ngoja kidogo," nikamwambia. "Mambo yatengenee kwanza. Hii ya komini ni karatasi tu."

"Karatasi tu," akajibu. Hakugomba. Laiti angegomba!

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linaloniua.

Siku yangu ya kuapa ilifika. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya wakala wa ofisi ile, mama mmoja mwenye miwani, ua mzima umejaa wajane na wazee wanangojea zamu. Shahidi niliyepatana naye hakutokea. Nikawa nageuka geuka kumtafuta, nikaona baiskeli inaingia getini. Boniface! Mado yuko nyuma, mtoto amefungwa mgongoni. Solange alikuwa na homa kali, Kambove hakuna dawa, na Boniface, aliyekuwa amekwenda kumsalimia, akaamua kuwaleta mjini. Nyumbani kwangu wameambiwa niko hapa. Wakanifuata.

Mtoto alikuwa analia. Kilio kile kilinipita mwilini, na maziwa yangu yakatoka. Yakalowesha blauzi, mbele ya yule mama! Nikavuta kitenge nikajifunika kifua.

Wakala alivua miwani.

"Mama, huyu mutoto ni wa nani?"

Ua mzima ukageuka kututazama. Boniface alikuwa ameshika usukani wa baiskeli, ananitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangojea, kama alivyokuwa akingojea siku zote. Uso wake uliniambia: sema tu, mama, sema, tutajua la kufanya.

Nikasema, "Ni mutoto ya mudogo yangu, huyu hapa."

"Na huyu bwana?"

Ningeweza kusema ni jirani. Ningeweza kusema ni mtu wa kwaya! Lakini kinywa changu kilikuwa kimekwisha kuanza kukimbia.

"Ni bwana ya mudogo yangu. Ni shemeji."

Wakala akamgeukia Mado. "Ni kweli?"

Mado akakaza kitenge alichombebea mtoto. "Ndiyo, mama. Ni bwana yangu."

"Bon. Basi weye mudogo utakuwa shahidi. Dada yako hajaolewa?"

"Hajaolewa."

Nikainua mkono nikaapa.

Boniface alimgusa mtoto paji la uso kwa nyuma ya kiganja chake. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeaga kwa adabu, "Tunapeleka mutoto kwa masista. Ubaki muzuri, shemeji."

Shemeji! Mungu wangu!

Na bado hujasikia lililo baya zaidi. Sikuwafuata. Nilibaki kwenye mstari wa malipo. Mtoto wangu anaungua kwa homa, na mimi nimesimama pale nalinda zamu yangu, kwa sababu ukitoka kwenye mstari umepotea. Nilipofika mbele nikapokea noti, fungu kubwa la kujaza kikapu, na nilipoingia duka la dawa yule muuzaji hakutaka hata kuzihesabu. Alitikisa kichwa tu. Bei ilikuwa imepanda tena tangu asubuhi.

Nilipofika zahanati ya masista, mtoto alikuwa amekwisha kupewa kwinini na amelala. Boniface alikuwa ameuza baiskeli yake. Alikuwa ameondoka kwa miguu kurudi Koni.

Alirudi Kambove mara moja tu. Alikwenda kwa Longin kuomba mtoto wake. Mado ndiye aliyenisimulia. Longin hakumtukana. Alimpa kiti, akamwambia, "Kaka, komini inasema mutoto ni yangu. Mama yake mwenyewe amesema ofisini ni ya Mado. Sasa weye unakuya kuniomba nini?" Boniface akakaa kidogo kwenye kile kiti, kisha akainuka. Baadaye nikasikia amerudi kwao, upande wa Manono, na ameoa. Sina la kumlaumu.

Mwaka uliofuata nilikwenda kuapa tena. Ua ulikuwa mtupu. Pesa ya pensheni ilikuwa imefika hali ya kununua kipande cha sabuni, na wengi hawakuona sababu ya kuja. Yule mama wa miwani alikuwa peke yake, madaftari yake yamejaa vumbi. Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda ni kwa sababu sikuwa na kitu cha kupoteza tena.

"Mama, kama ningeolewa, ingekuwaje?"

Alijibu bila hata kuinua kichwa, kama mtu aliyeulizwa ni saa ngapi.

"Sehemu yako ingekatwa. Ungepewa kitu kidogo cha kukuaga, unakwenda kwa bwana yako na amani. Sehemu ya batoto ya marehemu ingeendelea mpaka bakomae. Ile ni haki yao, haina maneno na ndoa yako." Ndipo akainua kichwa. "Juu ya nini hukuniuliza?"

Nilikaa kwenye ile benchi mpaka wakataka kufunga ofisi. Sehemu ya watoto! Ndiyo niliyokuwa nikiilia! Isingeguswa! Na kudaiwa nirudishe, na jela, hayo yote yalikuwa ya Mama Ange na ya kichwa changu. Kosa pekee la kufungiwa nililokuwa nalo ni ule uongo nilioutia mwenyewe kwenye kiapo.

Juma lilelile nilipanda taxi-bus kwenda Kambove kumchukua mtoto wangu. Nilikuwa nimekata shauri. Nitasema yote, waamue wanavyotaka.

Nilimkuta Mado uani, anatwanga sombe, Solange mgongoni. Mama mkwe wake, yuleyule aliyekuwa anatafuta mke mwingine, alikuwa ameketi karibu, anamchezesha mtoto vidole na kumwita "mama" kwa mapenzi, kama bibi na mjukuu wake. Mado aliniona usoni akajua. Alinivuta nyuma ya nyumba, akapiga magoti kwenye vumbi.

"Yaya, dada yangu, ninakuomba. Ukimubeba, mimi lelo hii batanifukuza. Nitakwenda wapi? Weye uko na wawili. Yaya, minye iko na huyu tu!"

Ningefanya nini? Niambie, wewe unayesoma, ungefanya nini? Uongo wangu ulikuwa umekwisha kuwa nyumba ya mtu mwingine. Nikiuvunja, ninamvunjia mdogo wangu, aliyeapa kwa ajili yangu. Nilimwinua, nikampangusa magoti. Nikala bukari yao. Nikarudi Likasi na kikapu kitupu.

Solange amekua. Ana macho ya Boniface, yale ya kungojea. Ananiita Mama Mukubwa, na ananipenda, ndiyo adhabu yangu. Alipoolewa, wakati wa kugawa vitenge vya mahari, kile cha mama mzazi alipewa Mado, naye akakipokea bila kuniangalia. Mimi nilipewa cha mama mkubwa. Nikapiga vigelegele kwa nguvu kuliko wote, watu wakacheka, wakasema tazameni huyu, anafurahi kama amemzaa mwenyewe!

Ninyi mnaosoma, wajane, wazee, walemavu, yeyote mwenye haki yake serikalini, nawasihi! Msiache jirani awapigie hesabu ya haki yenu. Msikubali "watu wote wanajua." Nendeni wenyewe, kaeni mbele ya mtu wa ofisi, mwulizeni waziwazi: kipi ni changu, kipi ni cha watoto, kipi kitakatwa na lini. Mkiogopa kuuliza, tumeni mtu awaulizie. Akijibu vibaya, ulizeni mwingine. Na hata wakiwaambia kwamba mtapoteza yote, kubalini kupoteza pesa. Pesa ile ilikufa mikononi mwangu kabla mtoto hajaanza kutembea.

Juzi Solange amejifungua wa kwanza, msichana. Nilikwenda kumwogesha mtoto. Solange alinipa mtoto mikononi akasema, "Mama Mukubwa, tunatafuta jina. Weye ndiye mukubwa wa familia. Tumupe jina ya nani?"

Jina la mama yake Boniface lilinijia mpaka kwenye ulimi. Nikasema, "Muulize mama yako."