Bomba la Mama Mkwe

Mimi si mtu wa mikono. Niseme mapema kabla hamjanidhania fundi. Nimefanya kazi ya ofisi miaka mingi, kazi ya mafaili na mihuri, na nyumbani kwetu hapa Makadara hata balbu ikiungua, mke wangu ndiye hupanda kwenye kiti. Kwa hiyo majirani waliponiona Jumamosi moja nimepiga magoti uani, msumeno wa haksoo mkononi na bomba la plastiki mapajani, walisimama langoni kunitazama, na mmoja akaniuliza kama nimefutwa kazi. Nikaendelea kukata. Hasira zangu huwa karibu, na siku hiyo zilikuwa karibu zaidi.

Sababu ilikuwa mama mkwe wangu. Alikuwa amepata uvimbe. Mke wangu aliniambia ni kifuani, nami sikuuliza kifuani wapi, maana kwetu sisi watu wa magharibi mwa Kenya mwanamume hazungumzii mwili wa mama mkwe wake, hata na mkewe, hata kama ni ugonjwa. Daktari wa hapa Nairobi alisema atatundikiwa dawa mara sita, kila baada ya wiki tatu, na kwamba dawa hiyo itamlegeza sana. Atatapika, atatokwa na jasho, atahitaji maji ya kuoga karibu na kitanda. Akae mjini mpaka matibabu yaishe. Mama akamshukuru daktari vizuri, akatundikiwa dawa ya kwanza, na siku ileile akapanda basi kurudi kwake.

Si kwamba hatupatani. Yule mama nampenda, na nasema wazi. Mwaka ule wa kwanza wa ndoa yetu, nilipokaa bila kazi, kila mwisho wa mwezi alitutumia kwa basi gunia la mahindi na kuku wawili waliofungwa miguu, na mpaka leo hajawahi kulitaja jambo hilo. Lakini kwa miaka ishirini na minne hakuwahi kulala kwangu, wala hatukuwahi kupeana mikono. Heshima yetu ndiyo hiyo. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, na haogi anapooga mkwe. Akija mjini alikuja asubuhi, akawekewa kiti uani, akanywa chai akiwa amenipa ubavu, na jioni akaondoka. Vijana wa siku hizi wanayacheka mambo haya. Mimi mwenyewe nimezaliwa hapa hapa Eastlands, na kusema kweli nilikuwa nayacheka kidogo.

Safari ile ya kurudi alitapika njia nzima. Walipofika, watu wa stendi walimshusha wakimshika huku na huku. Siku ya pili akampigia simu mke wangu, akamwambia harudi tena Nairobi. Kama kutibiwa ni kwenda kulala kwa mkwe, basi aachwe na kifua chake. Mke wangu aliweka simu kitandani, akakaa akitazama ukuta, machozi yanamtoka bila sauti. Nilikaa karibu naye. Mwishowe nikasema, "Kuna stoo."

Stoo yetu iko nyuma ya nyumba, chumba kilichoongezwa zamani na mwenye nyumba aliyetutangulia. Paa lake ni lake na mlango wake ni wake, na choo cha nje kiko hatua chache tu kutoka hapo. Mke wangu akampigia mama. Mama akasikiliza, kisha akauliza swali moja tu: ataoga wapi? Tukamwambia tutamtengenezea pa kuoga humo humo. Akasema tukimaliza ndipo tumwite.

Nikaapa kwamba kazi hiyo nitaifanya mwenyewe. Mke wangu alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Lakini nilikuwa nimefikiri. Mtu ambaye huwezi kumshika mkono, huwezi kukaa naye meza moja, utamwambiaje kwamba unajali? Unamfanyia kazi. Sikuona njia nyingine.

Wa kunifundisha alikuwa fundi mmoja wa kike kutoka Majengo, Pumwani, aliyewahi kututengenezea sinki. Binti wa miaka thelathini hivi, kofia ya kazi juu ya mtandio, na ulimi kama wembe. Aliniita mzee. Nikamwambia mimi bado sijawa mzee. "Sawa, mzee," akasema, akanipa haksoo.

Kipande changu cha kwanza kilikatika mshazari hadi akauliza kama nilikuwa nakata mkate. Akanionyesha: unachukua karatasi yenye ukingo ulionyooka, unaizungushia bomba mpaka kingo zikutane sawasawa, unachora mstari kwa penseli ukifuata karatasi, kisha unakata polepole ukilizungusha bomba, usikandamize. Bomba likikatwa mshazari halikai vizuri ndani ya kiungo, na mahali lisipokaa ndipo maji yatakapotokea. Baada ya kukata, unakwangua zile nyuzi za plastiki zilizobaki mdomoni, ndani na nje, kisha unapiga msasa. Nilikata vipande kumi na moja vya mazoezi. Cha kumi na mbili akakishika, akakitazama kwa jicho moja kama darubini, akakirudisha bila kusema neno. Nilifurahi kuliko siku niliyopandishwa cheo.

Kisha gundi. Hapo alikuwa mkali. Gundi ya mabomba haibembelezwi, ikishika imeshika. Kwa hiyo kwanza unaunga kila kitu kikavu, unatazama kama kona zinaelekea unakotaka, unachora alama ya penseli inayopita kutoka kwenye bomba hadi kwenye kiungo, ndipo unayatoa, unapaka, unasukuma ukizungusha kidogo mpaka alama zikutane. Halafu unashikilia. Unahesabu hadi thelathini, hujikuni pua, hupokei simu, kwa sababu mwanzoni bomba hupenda kurudi nyuma lenyewe. Na mteremko: maji machafu hayasukumwi na kitu, yanashuka tu, kwa hiyo kila mita moja bomba lishuke sentimita mbili hivi. Lisipoteremka, uchafu unakaa. Nilitembea na pimamaji siku nzima hadi mke wangu akauliza kama nitaipandisha kitandani.

Jumamosi ya pili fundi alipata kazi kwingine, akaniachia maelekezo. Njia fupi, alisema, ni kupitisha bomba la stoo chini ya ukuta na kuliunga na lile la bafu letu, liende nalo hadi kwenye chemba uani, lile shimo linalopokea maji taka ya mtaa. Mita moja na nusu tu. Nikafanya hivyo peke yangu. Nikakata, nikapaka, nikahesabu. Nikamwaga ndoo tatu za maji, halikutoka hata tone mahali pasipotakiwa. Nikafukia, nikasakafia, nikaenda Gikomba kwa maseremala nikachukua mlango mdogo wa mbao. Nilijipenda sana siku hiyo, sitadanganya.

Mama alikuja siku moja kabla ya dawa ya pili, saa nne asubuhi, mkoba mmoja na kanga kichwani. Alikuwa amepungua. Nikamsalimu kutoka mlangoni, akaitikia akitazama chini, kama kawaida yetu. Mke wangu akamwonyesha stoo: kitanda, pazia, sakafu ya kuogea, mahali pa kuning'iniza taulo. Nilikuwa jikoni, nasikia kila neno. Mama akasifu kitanda. Akasifu mlango. Kisha akauliza, "Na maji haya yakishaingia hapa chini, yanaelekea wapi?"

Mke wangu hajui kusema uongo. Akamwambia yanaungana na ya bafuni kwetu, kisha yanatoka.

Mama akatoka, akakaa kwenye kiti uani na mkoba wake mapajani. Akamwambia bintiye, kwa upole kabisa, kwamba maji aliyoogea yeye hayawezi kukutana na maji aliyoogea mkwe wake ndani ya bomba moja. Atapumzika kidogo, halafu aende stendi.

Nilipandwa na hasira, sifichi. Nikasema kwa sauti, humo jikoni, kwamba ni bomba, liko chini ya ardhi, nani analiona? Na kwani kule kwenye chemba hayatakutana? Dirisha lilikuwa wazi. Mke wangu akaingia, macho mekundu, akaniambia mama amesikia, na jibu lake ni kwamba kule kwenye chemba maji ni ya mtaa mzima, si ya mkwe wake. Kisha akaongeza la kwake. "Yule hakatai dawa. Anataka tu kuumwa akiwa na heshima yake."

Maneno hayo yalinikata. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Mama wa watu amebakiwa na nini? Nguvu zinamwisha, daktari anamtazama mwili atakavyo, na mimi nabishana naye juu ya mita chache za plastiki. Nikampigia fundi simu. Alicheka kidogo kwanza, kwao hakuna mambo hayo, kisha akaacha kucheka. Akaniuliza kama bado nina bomba zima lililobaki. Nikamwambia ninalo. "Basi kata, mzee. Ushajua kazi."

Nilichimbua. Kiungo changu kizuri nilichohesabia hadi thelathini, hakifunguki kile, nilikikata kwa haksoo nikaziba kipande kilichobaki kwa kifuniko na gundi. Nikachimba mfereji mpya kando ya ukuta wote mpaka chemba, nikatoboa ukuta wa chemba kwa patasi na nyundo. Mama alikuwa pale pale kitini, amenipa mgongo, lakini hakuwa ameondoka. Mke wangu alikuwa amekwenda duka la dawa kutafuta vidonge alivyotakiwa kumeza jioni ile. Saa kumi nikawa nimebakiza kiungo kimoja, cha kona, pale bomba refu linapoingia.

Na hapo nikakwama. Bomba la mita nne lina uzito wa ajabu ukilishika mwisho mmoja. Kila nikilitia kwenye kona, ule mwisho wa kule uliinama na huu ukainuka. Nikaweka tofali, likateleza. Nikajaribu tena kikavu, alama zikakataa kukutana. Gundi ningeweza kuipaka mara moja tu, na bomba jingine sikuwa nalo.

Nilisikia kiti kikilia. Sikuinua macho. Nikaona tu kwamba bomba limenyooka lenyewe, limekuwa jepesi. Nilipotazama, mama mkwe wangu alikuwa amechutama kule kwenye chemba, kanga imevutwa hadi kwenye paji la uso, uso ameuelekeza ukutani, na mikono yote miwili ameshika mwisho wa bomba.

Sasa mniambie, mkwe atamwamuruje mama mkwe wake? Nikapaka gundi, nikauambia ukuta wangu, "Kama kuna mtu ameshika huko, asukume taratibu."

Ukuta wa kule ukajibu, "Anasukuma."

Bomba likaja. Alama mbili za penseli zikakutana. Nikasema kwamba aliyeshika asiachie mpaka thelathini, na nikaanza kuhesabu kwa sauti. Ndipo nikahisi kutetemeka. Kulikuwa kunakuja kupitia kwenye plastiki, kudogo, hakukomi, mikono yake ile iliyochoka. Miaka ishirini na minne sikuwahi kuigusa mikono hiyo. Nilikaza yangu ili bomba lisichezecheze, nikaendelea kuhesabu. Nilipofika kumi na tano alianza kuhesabu pamoja nami, kwa lugha yetu ya nyumbani, chini kwa chini. Thelathini tukaifikia pamoja. Hakuachia, na mimi sikuachia. Tukaendelea mpaka arobaini hivi, hakuna aliyekuwa anahesabu tena.

Mke wangu alirudi akatukuta hivyo, akasimama langoni na mfuko wa dawa.

Kabla jua halijatua, gundi ikiwa imekauka na mfereji umefukiwa, mama aliingia stoo na beseni la maji ya moto. Mimi nilikwenda kusimama mbele ya nyumba, kama inavyopasa. Alioga muda mrefu. Alipotoka akakaa kitini, amejifunga kanga safi, akamwambia bintiye, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika ili nisikie kutoka kule mbele, "Kesho tukitoka hospitali usinipeleke stendi. Tunakuja nyumbani."

Mke wangu akamuuliza nyumbani wapi. Mama akamwambia aache maswali ya kitoto, amletee chai. Lakini mke wangu alikuwa ameanza kulia, hakuweza kuinuka. Nikaingia jikoni, nikaibandika chai mwenyewe.