Mbao za Lori la Kilambo

Nilifanya kazi ya gereji miaka kumi na moja nikiwa nimechuchumaa. Injini ya bodaboda chini, mimi chini, kuku wa jirani wanapita katikati wakidonoa nati kama mahindi. Mgongo ulipinda hadi nikawa naviona visigino vyangu bila kuinama. Kwa hiyo nikisema meza ya kazi ndiyo iliyokuwa haja ya maisha yangu, sipambi maneno.

Kikwazo kilikuwa mjomba, kaka yake mama. Tulikaa ua mmoja hapa Mtwara, na kwa imani yake kununua kitu kipya dukani kulikuwa ni kukubali kushindwa. Hakuwa anaokota vitu. Vitu vilikuwa vinamfuata. Akienda msikitini Ijumaa, anarudi na springi ya kitanda. Siku moja alikwenda Shangani kumjulia hali mgonjwa, akarudi na mlango wa friji kichwani, na mgonjwa mwenyewe yuko nyuma anamsaidia kuushika.

"Wa nini huu, Mjomba?"

"Utapata kazi."

"Kazi gani? Friji lenyewe liko wapi?"

"Mpwa wangu, wewe una haraka kama mtu anayedaiwa na mvua."

Ule mlango ukaegemezwa ukutani, na kila nilipopita uliniparua goti.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba vitu vyake vingine vilifaa kweli. Dumu la mafuta ya kula alilipasua kwa urefu, likawa beseni la kuoshea vipuri. Springi aliipigilia ukutani, bisibisi na spana zote zikasimama ndani yake kama wanafunzi mstarini. Tyubu za baiskeli alizikata zikawa kamba za kufungia mizigo, na hazikatiki, hata ukifunga tembo. Lakini misumari ndiyo iliyonimaliza. Kila jioni alikaa kwenye kigoda, mbele yake kipande cha reli ambacho sijui alikipata wapi, maana treni huku hatuna, ananyoosha misumari iliyopinda. Ko, ko, ko. Niliwahi kununua boksi moja la misumari mipya, akaninunia siku tatu. Ya nne akaniuliza kama na maji ya kunywa nimeanza kununua mapya.

Hatimaye zikaja mbao. Njia ya Kilambo kulikuwa na lori limetelekezwa tangu enzi za Nuhu, na mjomba akaelewana na mwenyewe tumpe pampu ya baiskeli tuliyoitengeneza, atupe sakafu ya bodi. Mbao nne za mkongo, nene kama magodoro. Tulizipakia kwenye bajaji, gurudumu la mbele likanyanyuka hewani. Nikaona ni wakati mzuri wa kumweleza dereva habari za wenzo na egemeo, kwa kuwa mimi ni mhitimu wa masomo ya jioni. Kidato cha nne nilikimaliza nikiwa na miaka thelathini na tisa, na alama yangu ya fizikia mwalimu aliisoma mara mbili. Dereva akasema hayo mambo ya egemeo nikayaeleze nimekaa mbele, juu ya gurudumu. Nilikaa mbele safari nzima.

Miguu ya meza tuliitengeneza kwa vyuma vya kitanda cha bweni. Mbao zilikuwa ngumu, nikavunja keekee tatu nikizitoboa. Bolti ni zile zile za lori; mjomba alizilaza kwenye dizeli wiki nzima akizigeuza kama anakaanga vitumbua. Pembeni nikafunga jiliwa la kubania vyuma. Siku ya kwanza nilipofungua injini nikiwa nimesimama wima, kama mtu, nilimwita mke wangu aje aone urefu wangu. Akasema alikuwa ameusahau.

Sasa hapa ndipo nilipokosea. Nilijisifu mbele ya mtani.

Ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu, na huku kwetu mtani hakasirikiwi. Anaweza kukuvua kofia barabarani akaenda nayo, anaweza kukaa kwenye sahani yako. Ukifiwa, ndiye anayeushika msiba: anasimamia kaburi, anawachekesha wafiwa, na akitaka kitu chako anakishika, mpaka ukikomboe kwa kuku. Huyu wangu ni mzee wa bandarini aliyestaafu, mwembamba, mwenye sauti ya king'ora. Alikuja akaigonga meza kwa kidole.

"Mbao gani hii, mtani? Ya kufungia nyanya?"

"Huo ni mkongo," nikasema. "Mchwa akiuma hapo anaacha meno. Zifukie leo, siku ya kiyama zitatoka na rangi yake."

Mjomba, kwenye kigoda chake, akaacha kugonga msumari. "Punguza," akaniambia.

Sikupunguza. Niliongeza habari za moto na mafuriko.

Haikupita miezi miwili mjomba akafariki, asubuhi, baada ya chai, bila kumsumbua mtu. Maziko yakapangwa alasiri. Mtani akafika kabla hata sijajua niwaarifu akina nani. Akachukua kigoda na nyundo ya marehemu, akakaa katikati ya waombolezaji, akaanza kunyoosha msumari ambao haupo, akiusogeza kwenye jicho moja, akiufokea. Alimwiga hadi ule mguno wa mwisho. Mama yangu alicheka akilia, sijui kipi kilitangulia.

Kisha zikaja mbao za kufunikia mwanandani, lile shimo la ndani ya kaburi. Fundi alikuwa ameleta vibao vyeupe, laini, na mtani akakibonyeza kimoja kwa dole gumba. Kikaingia.

Aligeuka, akanitazama, halafu akaitazama gereji.

"Hapana," nikasema.

"Mchwa anaacha meno," akasema mtani.

"Nilikuwa naongea tu."

"Siku ya kiyama zinatoka na rangi yake. Maneno ya nani yale?"

"Mtani, nina injini ya boti pale mezani. Mwenyewe anakuja Jumapili kutoka Mnazi Bay."

"Basi komboa."

Nikakimbilia uani. Mke wangu alikuwa na wanawake wenzake jikoni. Nikamwomba kuku.

"Yupi?"

"Yeyote."

"Aliyebaki ni yule wa mayai."

"Huyo huyo."

Akamkamata, akanipa. Nikarudi nimembana kwapani, anapiga kelele kuliko wafiwa wote. Mtani alikuwa ameshaishusha ile injini sakafuni, amepiga magoti chini ya meza yangu. Shingoni amevaa kamba yenye mafundo, kipimo kilichotoka kaburini. Mkononi ana spana ya kumi na tisa, na bolti zile ni za kumi na saba. Kila akivuta, spana inateleza.

"Unaua vichwa vya bolti," nikamwambia.

"Zitafunguka tu."

"Hazifunguki hivyo. Hizo zimelala dizeli wiki nzima, halafu wewe unazichuna kama viazi."

Akavuta tena. Ikateleza tena. Nilijiona nataka kulia, na sikujua kama ni kwa ajili ya mjomba au kwa ajili ya zile bolti. Nikamwachilia kuku. Nikachukua kumi na saba kutoka kwenye springi ya kitanda ukutani, nikamsukuma mtani pembeni, nikazifungua zote mwenyewe. Zilitoka kwa urahisi, kama siagi. Mtani alizishika mbao, mimi nikakata kwa msumeno kufuata mafundo ya ile kamba.

Kuku alikamatwa, akaliwa vilevile.

Siku ya tatu mtani akaja na kopo la maziwa. Ndani mna bolti zangu, nati zake, na misumari mitano aliyoinyoosha mwenyewe, vibaya. Kila mmoja una kona yake. Alinikuta sakafuni, nimechuchumaa kwenye injini ya boti, mwenye injini amesimama juu yangu anatazama saa. Mtani akasema ninafaa kuwekwa shambani nifukuze ndege.

Alipoondoka nikauangalia mlango wa friji. Nikauchomoa pale ukutani, ukaniparua goti mara ya mwisho, nikaulaza juu ya vile vyuma vya kitanda na kuufunga kwa tyubu za baiskeli. Unatikisika. Nati zinaserereka zote upande wa bawaba, na ukigonga nyundo unalia kama ngoma. Lakini nasimama wima.

Juzi mtani kapita, akaugonga kwa kidole.

"Na huu nao mzuri, mtani."

"Mbovu," nikamwambia. "Mbovu kuliko vyote pwani hii. Ukiutazama tu, unaoza."