Elisara wa Mambo ya Nyakati

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaisikia kutoka kwa watu wa Endarasha, ambao wanaisimulia wakiongeza chumvi mahali ambapo chumvi tayari ilikuwa imezidi: ni kweli, nilisimama mbele ya kanisa zima, mtoto mkono mmoja na Biblia mkono wa pili, nikimtafuta kwenye Mambo ya Nyakati mwanamke ambaye nilikuwa nimemtoa kwa televisheni.

Na kinachouma zaidi ni kwamba mimi ndiye nilikuwa bingwa wa kuwacheka wenzangu. Nafundisha chekechea pale Ruring'u, na ukinipa rejista ya mwaka wowote nitakwambia ni kipindi gani kilikuwa kinaonyeshwa jioni wakati wale watoto wako tumboni. Kuna mwaka nilikuwa na akina Jayden wanne (mmoja alikuwa anauma wenzake, na nikiita Jayden aache kuuma, watatu wasio na hatia wanaanza kulia), halafu wakaja akina Liam, halafu akina Arianna walioandikwa kwa njia tatu tofauti, na hakuna hata njia moja ambayo mama mwenyewe angeweza kuiandika bila kuangalia simu. Baba mmoja alimpa kijana wake jina la mchezaji wa ng'ambo, mchezaji akahamia timu ambayo baba haipendi, na baba, mtu mzima mwenye ndevu, akaja shuleni kuniuliza kama rejista inaweza kubadilishwa. Nilimcheka mpaka chai ikanitoka puani. Kwenye chumba cha walimu nilikuwa nasoma hayo majina kwa sauti, moja moja, kama mtu anayetangaza waliofeli.

Basi nikapata mimba, baada ya miaka saba ya ndoa (watu walikuwa wameshanihesabia hiyo miaka, sikuhitaji kalenda), na daktari akasema miezi mitatu ya mwisho nilale. Mume wangu, Kariuki, ni fundi wa stima, na mapenzi yake huyaonyesha kwa nyaya, kwa hivyo alifunga televisheni ukutani mbele ya kitanda. Hapo ndipo nilipokutana na drama ya saa moja jioni, ile iliyotafsiriwa Kiswahili, ambapo midomo inafunga na maneno bado yanatoka. Ndani yake kulikuwa na msichana yatima anaitwa Elisara. Mpole, macho makubwa, analia kila siku na hata siku moja hatoki kamasi. Nilijiambia, aki ya Mungu, kwamba hilo halikuwa jina la televisheni, lilikuwa tu jina zuri ambalo kwa bahati mbaya liko kwenye televisheni. Mimi, bingwa.

Sasa, kwetu jina la Kikuyu la msichana wa kwanza halina mjadala. Ni la mama ya baba, basi. Mtoto alikuwa Nyambura kabla hata sijamwona daktari, na siku alipozaliwa Kariuki alianza kumwita "Mami", kwa sababu huyo sasa ni mama yake amerudi mdogo. Linalobaki ni lile jina lingine, la ubatizo, na hilo ndilo mzazi ana uhuru wa kuliharibu.

Mama mkwe, Peris Nyambura mwenyewe, alifika hospitali na chupa ya uji na wanawake wawili wa kikundi chake cha kanisa. Alimbeba mtoto, akamtemea baraka kidogo kifuani vile wazee hufanya, akafuta machozi. Halafu akauliza, "Na jina ya kanisa?"

"Elisara, Mami."

Wale wanawake walitazamana. "Erithara," mama mkwe alijaribu, kama mtu anayeonja kitu kwa kijiko. "Huyo ni nani?"

Hapo. Hapo ndipo palikuwa na njia mbili, na moja ilikuwa nyeupe kabisa. Ningesema tu, "Ni jina nililipenda." Lakini nikakumbuka vile nimewacheka watu, nikaona wale wanawake wamekaza macho, na mdomo ukafunguka wenyewe. "Ni wa Biblia."

"Wapi?"

"Mambo ya Nyakati." (Nilichagua hapo kwa sababu hakuna mtu hupasoma, hata wachungaji huruka.)

"Ya kwanza ama ya pili?"

"Ya pili."

"Alifanya nini?" akauliza mmoja wa wale wanawake, na kwa kweli angeacha tu hapo.

"Aliwapa manabii maji wakati wa ukame."

Mjue Endarasha, kwao mama mkwe, iko Kieni, ambako mvua ni ya kuhesabu, na Kieni ukitaja ukame na maji kwa pumzi moja umemaliza hoja. Wote watatu walisema amina. Mama mkwe alimwangalia mtoto kama ameletewa tangi la maji.

Nilidhani imeisha hapo. Wiki ya pili akapiga simu kunieleza kuwa kikundi chao, ambacho kilikuwa kinatafuta jina la kusajiliwa, kimepata. Kinaitwa Elisara. Wiki ya tano akapiga tena, kwamba wameshonesha vitambaa vya kichwa vyeupe, kumi na nane, na jina limeandikwa hapa mbele kwa uzi wa buluu, watavaa siku ya ubatizo. Nilimwambia Kariuki nimekufa. Yeye alijua vizuri jina limetoka wapi, si ndiye alifunga ile televisheni, lakini alicheka tu akasema, "Wewe nyamaza, nani husoma hiyo kitabu?" Huo ndio msaada wa mume.

Na jambo lingine ambalo sikulifikiria: tangu nijifungue sikuwa nimeangalia drama hata siku moja. Mtoto mchanga hajui mambo ya saa moja. Kwangu mimi Elisara alikuwa bado yatima, bado analia vizuri.

Jumapili ya ubatizo ikafika, kule Endarasha. Tulikaa benchi la mbele, familia mbili zenye watoto wa kubatizwa: sisi, na msichana mmoja wa Chaka na mume wake, ambao sikuwajua. Nyuma yetu wale wanawake kumi na wanane na vitambaa vyao, Elisara, Elisara, Elisara, safu nzima, kama mabango ya kampeni. Mchungaji alikuwa kijana, mwenye viatu vyenye ncha, na mama mkwe alikuwa amemwambia habari za hilo jina mwezi mzima kabla. Mtu mwaminifu angesema nimetafuta sijaona. Lakini huyo, mwenye cheti ukutani, angekubali vipi mwanamke mkulima wa viazi amjulishe mtu wa Biblia ambaye hamjui? Akahubiri. Nawaambia alihubiri Elisara dakika ishirini. Elisara hakuchoka. Elisara hakuuliza malipo. Elisara alitembea jangwani na mtungi wake (mtungi huo aliuongeza yeye, mimi sikusema mtungi). Akina mama wanaitikia, mama mkwe anatikisa kichwa, na mimi najifanya namfunika mtoto ambaye alikuwa amefunikwa mpaka anatoka jasho.

Halafu akasema, "Sikusoma andiko lenyewe, kwa sababu heshima hiyo nimemwachia mama ya mtoto. Mwalimu, njoo utusomee."

Ile njia ya kuniangushia mzigo, hata leo namheshimu kwayo.

Nilienda. Nikafungua. Nikageuza kurasa, wafalme, wafalme, majina ya wana wa watu, hesabu ya kondoo, na kanisa likanyamaza ile kunyamaza ya upole, ya kukupa muda, ambayo ni mbaya kuliko kelele. Nikageuza tena. Kipaza sauti kilikuwa kinasikizisha karatasi mpaka nje. Nikamwangalia Kariuki, Kariuki akaangalia dari, nadhani anakagua nyaya.

Ndipo cucu mmoja, bibi mzee sana, benchi la tatu, mwenye fimbo, akasema kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Erithara? Si ni yule wa TV, ya saa moja?"

Mtu akamwambia, "Shh, Cucu."

"Ati shh? Mimi naonanga kila siku. Si ni yule aliwekea mama mkwe sumu kwa supu?"

Sikuwahi kujua kwamba kanisa linaweza kuvuta pumzi kwa pamoja. Na hapo hapo nikajua, kutokana na nyuso zao, kwamba robo tatu ya hao watu walikuwa wameiona hiyo supu kwa macho yao, walimu, wazee wa kanisa, wote, na walikuwa wamekaa kimya mwezi mzima kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba anaangalia.

"Mwalimu," mchungaji akasema, jasho limemtoka juu ya mdomo, "ni kweli?"

"Ni wa televisheni," nikasema. "Nilidanganya. Na sikujua mambo ya supu."

Kwenye ile safu ya nyuma, vitambaa vikaanza kutoka kichwani, kimoja, viwili, vinakunjwa polepole na kuingizwa kwenye mikoba. Mama mkwe hakutoa chake. Alisimama, akageuka kwa yule cucu, na akauliza taratibu kabisa, "Supu ya nini?"

"Ya kuku," cucu akajibu.

Kanisa likapasuka. Watu walicheka wakashika mabenchi, mzee wa kanisa alitoka nje. Na yule msichana wa Chaka, pale benchi la mbele hatua mbili kutoka niliposimama, nilimsikia mimi peke yangu, akimnong'oneza mume wake kwa haraka, "Sema Faith. Wakiuliza, sema Faith."

Mama mkwe alingoja wamalize. Halafu akaja mbele, akanichukua mtoto mkononi bila kuniangalia, akamwambia mchungaji, "Batiza. Anaitwa Nyambura."

"Mama, tunahitaji jina ya ubatizo."

"Mimi niliitwa Peris," akasema, "kwa sababu mwaka huo kila msichana alikuwa Peris. Tulibatizwa Peris watano asubuhi moja, na hakuna mmoja wetu alijua Peris ni nani, na mpaka leo sijui. Lakini Nyambura namjua. Alikuwa cucu yangu. Alikuwa analima mpaka ile mto. Batiza Nyambura."

Akabatizwa Nyambura. Maji yalipomgusa alilia, na, tofauti na yule mwingine, alitoka kamasi nyingi sana.

Mama mkwe hakuniongelesha majuma sita. Alikuwa anapiga simu kwa Kariuki, anauliza "mama ya huyo mtoto" ameamkaje. Nami nilikaa na hiyo adhabu kwa sababu ilikuwa yangu: huyo mwanamke alikuwa ametembea Endarasha yote akinisifu, nyumba kwa nyumba, kwa jambo ambalo nililitunga kwa sekunde mbili ili nisionekane kama wale ninaowacheka. Siku moja nikapanda matatu nikaenda kwake bila kuambia mtu. Nilimkuta shambani anapalilia viazi. Nilimwambia, "Mami, nilikuaibisha, nisamehe." Akasimama, akanipa jembe. Tukapalilia mpaka saa kumi. Alipoongea, aliuliza tu mtoto ameachwa na nani.

Kwa hivyo nimeapa: anayeniuliza kitu, namwambia kama kilivyo, hata kikiwa cha kijinga, hasa kikiwa cha kijinga. Juzi pale sokoni Chaka muuzaji mmoja wa karoti alimshika mtoto shavu akauliza anaitwa nani. Nikasema Nyambura. "Na hile jina ingine?" Nikavuta pumzi, nikamwambia lipo, liko kwenye cheti cha kuzaliwa, nililitoa kwa televisheni, nikadanganya mama mkwe hospitalini, nikadanganya kanisa zima, na mchungaji akanisaidia.

Akaniangalia, karoti mkononi. "Ngai," akasema. "Si nilikuwa nauliza tu jina."