Siku Tuliyompata Shangazi Kule Yakobi

Baba yangu mdogo ananunua na kuuza mbao Makambako, na sifa yake kubwa ni kwamba hajawahi kulipa bei aliyotajiwa. Nimemwona kwa macho yangu akibishania ndizi mbili mpaka muuzaji akamwomba aondoke nazo tu. Kwa hiyo mimi na mume wangu tulipoiona nyumba ya kununua, mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa yeye. Isitoshe, kwetu nyumba hainunuliwi kama nyanya. Anatangulia mkubwa, anasema kwa niaba yenu, ninyi mnakaa mnasikiliza.

Tulikuwa tumepanga Mjimwema miaka tisa. Mwenye nyumba alishatuambia mwanawe anaoa, vyumba anavitaka kabla mvua hazijaanza. Nilikuwa nimechoka, sifichi. Nilichoka kuomba ruhusa ya kupigilia msumari ukutani, nilichoka kuwanyamazisha wanangu kila wanapocheka. Nyumba yenyewe ilikuwa kijijini Yakobi, ya mama mmoja mjane aliyetaka kuhamia kwa binti yake Songea. Vyumba vitatu, tofali za kuchoma, jiko la nje, na miti ya parachichi nyuma. Siku ya kwanza kuiona nilizunguka mara moja tu, na nilipotoka nilikuwa nimeshaamua kila mtoto atalala wapi.

Tulikuwa na milioni kumi na tano. Nusu ilikuwa mkopo wa mshahara wangu wa ualimu, nusu ilikuwa ya miti ambayo mume wangu aliiuza kwao Ludewa. Baada ya hapo hatukuwa na hata pa kukopa tena.

"Msimtajie mtu mna ngapi," baba mdogo alisema aliposhuka kwenye gari kutoka Makambako, amevaa koti lake la mnadani. "Mimi naanza na kumi. Mkiniona nimesimama kama naondoka, na ninyi simameni."

Ilikuwa mwezi wa saba, ukungu umekaa mpaka saa nne, na yule mama alitupokea jikoni kwa sababu ndiko kulikokuwa na moto.

"Kamwene," baba mdogo akasalimia.

"Kamwene," akaitikia, akatuwekea viazi vya kuchemsha na chai.

Kama baba mdogo angekula kimya, leo ningekuwa naandika haya nikiwa Yakobi. Lakini Mbena gani anakula kiazi cha mtu bila kumuuliza kwao ni wapi? Akauliza. Mama akasema amezaliwa Lupembe. Baba mdogo akaweka kiazi chini. Lupembe ya wapi? Ukoo gani? Babu yake alikuwa nani, na babu huyo alizaliwa na nani? Walikwenda hivyo, wakaacha Kiswahili, wakaingia Kibena kabisa, vidole vinahesabu wafu. Mimi nilikuwa nafurahi, mjinga mimi. Nilidhani undugu utashusha bei.

Ghafla baba mdogo akasimama, akaenda kumshika mikono miwili. Babu zao walikuwa mtu na mdogo wake.

"Huyu ni dada yangu!" akatuambia, macho yamemlowa. Akanigeukia. "Msalimie shangazi yako."

Nikapiga goti nikamsalimia. Kwetu shangazi ni baba aliyevaa kitenge, habishiwi. Mume wangu, ambaye dakika moja nyuma alikuwa mnunuzi, alijikuta mkwe. Akasogeza kiti chake mpaka karibu na mlango, akatazama viatu vyake, na sikumsikia tena mpaka tulipoondoka.

Shangazi akafuta machozi, akacheka, akasema, "Sasa haya ya nyumba. Kwa vile ni ninyi, ishirini na mbili."

Nikamtazama baba mdogo. Nilisubiri asimame. Nilikuwa nimeshakaza miguu nisimame naye.

"Dada amesema," akajibu, akachukua kiazi chake.

Basi. Mtu aliyewaliza wauza mbao wa Makambako yote alikaa pale akitafuna, akisifu chumvi. Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema tu, shangazi, tuna kumi na tano, ndizo zote tulizonazo duniani. Baba mdogo akakohoa, kile kikohozi cha wakubwa ambacho kila mtoto aliyelelewa anakifahamu. Nikafunga mdomo. Nina miaka thelathini na minane, nafundisha darasa lenye watoto sabini, wananiogopa, na nilinyamazishwa na kikohozi.

Tuliondoka tumebeba parachichi ndoo nzima, tumeombewa, tumepewa na ujumbe wa kuwasalimia ndugu. Barabarani nikalipuka. Nilimuuliza baba mdogo amekuja kufanya nini.

"Ulitaka nimwambie dada yangu nyumba aliyoachiwa na marehemu haifikii hapo?" akauliza, na kweli alikuwa ameumia. "Hayo yana njia yake. Nitawakusanya wazee, tutarudi, tutaongea kindugu."

Wazee hawakukusanyika. Mara kulikuwa na msiba, mara mmoja anaumwa miguu, mara mbao zimefika. Mume wangu alisema yeye kama mkwe hawezi. Mimi nilimpigia shangazi mara tatu. Kila mara nilikuwa nimeandika maneno kwenye daftari, na kila mara nilimuuliza habari za kifua chake, nikamwambia huku baridi imepungua, nikakata simu. Nilijichukia, lakini nilipoisikia ile sauti yake ikiniita mwanangu, bei haikutoka.

Mwezi wa tisa akanipigia yeye.

"Mwanangu, nyumba imekwenda," akasema. "Kuna mama mmoja muuza nguo, katoka hukohuko Makambako. Alikuja peke yake. Ana mdomo yule! Kanibana tangu asubuhi, hata chai kakataa. Nikachoka, nikampa kwa kumi na tatu na nusu."

Nilikuwa nimesimama uani Mjimwema, nguo za watoto mkononi. Nilikaa chini palepale.

"Mbona hamkurudi?" akaendelea. "Ile ishirini na mbili niliitaja ili mpate pa kushukia. Mtu hataji bei ili iitikiwe amina. Nikasema labda wameidharau nyumba yangu."

"Hapana, shangazi. Nyumba ni nzuri sana."

"Kwani mlikuwa na ngapi?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Hakukuwa na mtu wa kukohoa. Lakini nikamwona, mwanamke wa miaka yake, akibeba mpaka Songea habari kwamba alimuuzia mgeni kwa bei ndogo kuliko pesa aliyokuwa nayo mtoto wa kaka yake.

"Hatukuwa nazo, shangazi," nikasema.

"Ah, mwanangu," akasema, kwa huruma ya kweli. "Si ungeniambia tu? Ningewapunguzia."