Bibi Hesabu wa Saa Nane

Katika kituo cha televisheni walimwita Mpangaji. Jina lake halisi lilibaki kwenye karatasi ya mshahara, likipumzika. Kwa miaka kumi na minane kazi yake ilikuwa kuamua kipindi gani kionekane saa ngapi. Ukutani kwake kulikuwa na ubao wenye kadi za rangi, kila kadi kipindi, na alizihamisha bila kelele wala jasho. Alikuwa mpole, mtu wa utani, asiyeweza kuchinja hata kuku. Vipindi, hivyo aliviua.

Wahenga walisema ukitaka kumuua mbwa, mpe jina baya. Mpangaji alikuwa na lake: ukitaka kuua kipindi, kipe saa mbaya. Wenzake walicheka kila alipolisema, naye akazidi kulisema.

Bibi Hesabu alikuwa mwalimu mstaafu. Kila siku ya kazi, saa kumi na mbili jioni, alifundisha watoto hesabu kwa ubao, chaki na vifuniko vya chupa. Mkurugenzi akaitamani saa ile kwa kipindi kipya cha mazungumzo, chenye wageni wachekeshaji na wapenzi waliogombana, maana mgeni akilia, hakuna anayebadilisha chaneli. Lakini nani angethubutu kumfukuza bibi wa watu?

"Tusimfukuze," Mpangaji alisema kikaoni. "Tumhamishie saa nane mchana, watoto wakiwa shule. Baada ya miezi mitatu takwimu zitamwondoa zenyewe."

Bibi mwenyewe aliambiwa kwamba shule nyingi zimewekewa televisheni madarasani, na walimu watamfungulia saa hiyo. Uongo huo ulitungwa na Mpangaji pia, palepale mezani. Akasifiwa. Alitoka kifua mbele, na kifua mbele hicho ndicho kilichokuja kumuuma baadaye kuliko yote.

Kilianza kumuuma nyumbani. Binti yake wa darasa la tatu aliuliza, "Baba, Bibi Hesabu kaenda wapi?"

"Kapumzika kidogo, mama."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Kula."

Mwezi wa tatu ulipokuwa ukingoni, Bibi Hesabu akabisha hodi ofisini, amevaa blauzi mpya na kushika daftari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini tena?"

"Nimeonyeshwa jumla ya watazamaji. Watoto wako darasani, televisheni iko mbele yao, na bado hawanitaki! Basi nimezeeka, na sikujiona." Akafungua daftari. Ukurasa mzima ulikuwa wa makosa yake: Jumanne niliharakisha. Alhamisi sikutabasamu. Sauti inakwaruza.

Mpangaji aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Si wewe, ni saa. Maneno manne tu, na yalikuwa tayari ulimini. Akayameza. Badala yake akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: "Labda ungeleta mgeni, Mwalimu. Mgeni huvuta watu."

"Hata mimi nimewaza hivyo. Kipindi cha mwisho ni Ijumaa, na mgeni nimeshampata. Njoo wewe. Waonyeshe watoto kazi inayoendeshwa na hesabu."

Angekataaje?

Ijumaa saa nane, chini ya taa za studio, Bibi Hesabu alimkabidhi chaki. "Watoto, mgeni wetu huhesabu watazamaji. Mwanangu, tuandikie wangu, wiki kwa wiki. Wajifunze jinsi idadi inavyopungua."

Angeweza kubuni tarakimu, nani angejua? Lakini ile orodha ya makosa ilikuwa bado machoni pake. Akaandika za kweli. Wiki moja, laki nne. Wiki iliyofuata, elfu thelathini. Zilizobaki zote, elfu thelathini.

Bibi Hesabu akavaa miwani. Akautazama ubao kwa muda mrefu, kama anayesahihisha.

"Watoto, mtu huzeeka kidogo kidogo," akasema taratibu. "Hazeeki laki tatu na elfu sabini kwa wiki moja. Kuna kitu kingine kilibadilika. Mgeni, kitu gani?"

"Saa, Mwalimu."

"Na madarasa yenye televisheni?"

Mpangaji akamgeukia. "Hayapo. Niliyatunga mimi. Saa nane niliichagua mimi, ili watu wakukose, tupate sababu ya kukuondoa. Wewe hukukosea hata siku moja. Nisamehe."

Mpiga kamera akainua kichwa. Bibi Hesabu alichukua chaki mkononi mwa mgeni wake, akatia alama ya vyema kubwa pembeni mwa zile tarakimu.

"Jibu ni sahihi," akasema. "Umelichelewesha, lakini ni sahihi."

Kisha, kwa mazoea ya miaka mingi, akaigeukia kamera.

"Haya, watoto, nakilini—"

Saa nane; watoto walikuwa shule. Akaitazama ile kamera, akachukua kifutio, akaanza kufuta ubao.